Pima Mmea, Usipime Kalenda: Mti wa Mpira Unatufundisha Nini Kuhusu Dawa ya Maua kwenye Nanasi

Leo naanza na kosa langu mwenyewe, maana limemgharimu mwenzenu hela.

Kuna kijana wa hapa Gongo la Mboto ana shamba la mananasi upande wa Kisarawe. Miche 8,000, aina ya Smooth Cayenne. Anafanya kazi mjini, Jumamosi na Jumapili yuko shambani. Siku moja kabla ya Ramadhani akanipigia simu saa moja asubuhi.

"Bwana shamba, shikamoo."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Mananasi yameiva yote kwa pamoja kama ulivyosema. Ila njoo uyaone."

Nilipofika nikaelewa kwa nini hakutaka kusema kwenye simu. Shamba lilikuwa limeiva kweli, mstari kwa mstari, kama limepangwa na fundi. Lakini nanasi kubwa kabisa halikufika kilo moja. Mengi yalikuwa gramu 600, 700. Mnunuzi kutoka Buguruni akayageuza mawili matatu mkononi, akasema atayachukua kwa bei ya mananasi ya juisi, akitaka. Kijana alikuwa na mkopo wa kikundi. Akauza.

Kosa lilikuwa la nani? Alipiga dawa ya maua miche ikiwa na miezi 11. Na aliyemwambia "ikikaribia mwaka piga tu" ni mimi, kwenye mafunzo, nikiwa nina haraka ya kumaliza mada. Miche yake ilikuwa midogo tangu siku ya kupandwa na mbolea aliweka mara moja tu. Kwa kalenda ilikuwa na karibu mwaka. Kwa mwili ilikuwa bado mitoto.

Kwa hiyo leo nairudia ile mada vizuri. Na nitaanzia mbali kidogo, kwenye mti wa mpira, kwa sababu huko ndiko nilikofundishwa jambo hili nikiwa mwanafunzi, halafu nikalisahau.

HOMONI NI UJUMBE, SIYO CHAKULA

Watu wengi wanachanganya homoni na mbolea. Mbolea ni chakula: naitrojeni, fosforasi, potasiamu. Mmea unavila, unajenga mwili. Homoni ni ujumbe. Mmea wenyewe unautengeneza kwa kiasi kidogo sana, unautuma kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na ujumbe ukifika kazi inabadilika.

Zile ambazo mkulima wa biashara anatakiwa kuzijua ni hizi:

Oksini. Inatoka kwenye ncha ya tawi na majani machanga. Inazuia vichipukizi vya pembeni visiamke. Ukiona ua la kisamvu cha mpira hapa mtaani kwetu, wanavyochuma ncha kila wiki na mti unazidi kutoa matawi ya pembeni, hapo umeiona oksini ikiondolewa kazini. Na ndiyo maana mti huo unaochumwa kila siku huoni maua yake: tawi halifiki umri wa kuchanua.

Jiberelini. Hii inasema "refuka, endelea kukua". Kwenye miti mingi ya matunda, ukiwemo mwembe, jiberelini ikiwa nyingi maua hayatoki.

Saitokinini. Hutengenezwa zaidi kwenye mizizi, inaamsha machipukizi.

Asidi ya absisiki. Hii ni ya shida: ukame, kufunga milango ya hewa ya majani, kulala.

Ethilini. Hii ni gesi. Inaivisha ndizi kwenye gunia, inaangusha majani yaliyozeeka, na kwenye nanasi inaleta maua.

Halafu kuna ujumbe wa maua wenyewe. Mwaka 1936 mwanasayansi wa Kisovieti, Mikhail Chailakhyan, alitoa hoja kwamba jani ndilo linalosoma majira, halafu linatuma kitu kwenye ncha ya mmea kuiambia itoe ua. Kitu hicho akakiita florijeni. Watu walikitafuta miaka 70. Mwaka 2007 ndipo watafiti wa Ulaya na Japani walipoonyesha kwamba ni protini inayotengenezwa kwenye jani na kusafiri hadi kwenye ncha.

Chukua neno moja hapo: jani. Mmea wenye majani machache una wasomaji wachache wa majira na wapishi wachache wa sukari. Tutalirudia.

MTI WA MPIRA UNACHANUAJE

Kwanza tutenganishe mipira miwili. Mpira wa kisamvu tunaoujua Dar ni Manihot glaziovii, ndugu wa muhogo, asili yake Ceará, Brazili. Wajerumani waliupanda kwa wingi Tanga na Morogoro, bei ikapanda sana mwaka 1910, na kufikia 1913 ikaanguka kwa sababu mashamba makubwa ya Asia yalikuwa yameingia sokoni na mpira wa aina nyingine. Wenye mashamba wakafilisika, sisi tukabaki na mboga.

Hiyo aina nyingine ya Asia ndiyo Hevea brasiliensis, mpira wenyewe wa matairi. Tanzania upo kwenye mashamba ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC: Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga kule Kilombero.

Mti huu una tabia ya ajabu. Ukishakuwa mkubwa, kila mwaka kipindi cha kiangazi unapukutisha majani yote. Jani likizeeka, oksini inayotoka ndani yake inapungua, ethilini inapata nguvu kwenye kikonyo, pale panakatika, jani linaanguka. Mti unabaki mtupu wiki chache. Kisha machipukizi yanaamka, majani mapya yanatoka yakiwa na rangi ya shaba, na pamoja nayo yanakuja maua: madogo, ya njano, yananukia, ya kiume na ya kike kwenye kichala kimoja. Ya kike ni machache na yanayofanikiwa kuwa matunda ni machache zaidi. Tunda lina mbegu tatu, na likikauka linapasuka kwa mlio na kurusha mbegu mbali.

Nini kinauambia mti ni saa ya maua? Karibu na ikweta urefu wa siku haubadiliki sana. Mtafiti wa Malaysia, Hoong-Yeet Yeang, mwaka 2007 alieleza kwamba miti ya mpira inachanua kwa pamoja kwa kufuata ukali wa jua, ambao kwenye ikweta unakuwa juu karibu na Machi na Septemba, wakati jua linapopita utosini.

Lakini sikiliza hili. Mche wa mpira wa mwaka mmoja unapigwa na jua lilelile, kiangazi kilekile, shamba lilelile. Hauchanui. Utasubiri hadi miaka minne, mitano hivi. Hata kupukutisha majani yote kwa pamoja ni tabia ya mti uliokua. Ujumbe unapita, lakini asiyefikia umri wa kuupokea hausikii.

Wakulima wa mpira wanaliheshimu jambo hili hata kwenye kugema utomvu. Hawasemi "mti una miaka sita, tugeme". Wanachukua futi kamba, wanapima mzunguko wa shina kiasi cha mita moja na kidogo kutoka chini. Ukifika sentimita 50, unagemwa. Haujafika, unaachwa, hata kama jirani yake waliopandwa siku moja ameshaanza kutoa.

Halafu kuna dawa. Kwenye mpira wanapaka ethefoni kwenye gome karibu na pale wanapogema. Ethefoni ikiingia kwenye mmea inavunjika na kutoa ethilini, na ethilini inafanya utomvu utiririke kwa muda mrefu kabla ya kuganda. Mavuno yanaongezeka. Lakini ukizidisha, au ukipaka kila mara bila kupunguza siku za kugema, mti unakauka upande ule, unagema na hakitoki kitu. Dawa haikuongeza utomvu kutoka hewani. Ilifungua bomba tu. Tangi likiwa dogo, litakwisha.

Sasa ethefoni hiyohiyo ndiyo ile chupa aliyoinunua kijana wetu kwa ajili ya mananasi.

MOSHI ULIOLETA MAUA YA NANASI

Mwishoni mwa karne ya 19, kwenye visiwa vya Azores vya Ureno, walikuwa wanalima mananasi ndani ya nyumba za vioo. Moshi ukaingia kwenye nyumba ya mananasi, wakategemea hasara. Badala yake mananasi yakachanua yote kwa pamoja. Wakaanza kuyafukizia makusudi. Mwaka 1932 huko Puerto Rico ikaonyeshwa kwamba kinachofanya kazi ndani ya moshi ni ethilini.

Tukiliacha nanasi bila dawa, kwetu Pwani linasubiri usiku wa baridi na siku fupi za Juni na Julai. Likichanua hapo, linaiva Novemba hadi Januari. Wakati huo huo maembe yamejaa kila kona ya jiji, na mananasi ya kila mtu yameiva. Bei unaijua. Ndiyo maana dawa ya maua ina faida: unachagua wewe mwezi wa kuvuna. Kutoka siku ya dawa mpaka kuvuna hesabu miezi mitano hadi sita. Mkulima anayelenga Ramadhani ahesabu kurudi nyuma, na akumbuke kuwa Ramadhani inawahi kwa kiasi cha siku 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe ya mwaka jana haitamfaa mwaka huu.

Kijana wetu hesabu hiyo aliipiga vizuri kabisa. Alichokosa ni kupima mmea.

UTAPIMAJE?

Nanasi likishapokea ujumbe wa ethilini, ncha yake inaacha kutoa majani na kuanza kutoa ua. Majani uliyonayo siku hiyo ndiyo yatakayolisha tunda. Hakuna tena mengine ya maana. Ukubwa wa tunda unaamuliwa siku unayopiga dawa, siyo siku ya kuvuna.

Njia mbili za kupima Smooth Cayenne:

1. Hesabu majani. Yawe 35 hadi 40 yaliyo hai, ya kijani. Usihesabu yaliyokauka chini.

2. Pima jani refu kuliko yote. Kusanya majani yote juu kwa mikono kama unafunga mzigo wa ukindu, lililozidi wenzake ling'oe kutoka chini kabisa, weka kwenye mzani mdogo. Likifika gramu 70 hadi 80, mche uko tayari kwa tunda la kilo moja na nusu kwenda juu. Likiwa gramu 40, rudi kwenye mbolea na palizi.

Usipime mche mmoja mzuri ulio karibu na njia. Tembea kwa kukatiza shamba, pima miche 20 kutoka sehemu tofauti. Wakubwa wakiwa wachache, subiri. Na siku ya kupanda tenganisha machipukizi kwa ukubwa: makubwa kitalu chake, madogo chake. Ukichanganya, hakuna siku moja itakayowafaa wote.

KUPIGA DAWA YENYEWE

Hapa ndipo chupa inapowachanganya watu. Mwongozo unaotumika India kwa kumwagia kwenye moyo wa nanasi ni ethefoni sehemu 25 kwa milioni, urea asilimia 2 na kabonati ya kalisiamu asilimia 0.04, mililita 50 kwa kila mche.

Tufanye hesabu kwa miche 8,000. Mililita 50 mara 8,000 ni lita 400 za maji. Sehemu 25 kwa milioni kwenye lita 400 ni gramu 10 za ethefoni. Kama chupa yako imeandikwa gramu 480 kwa lita, unahitaji mililita 21. Ndiyo, mililita 21 kwa shamba zima. Urea kilo 8, kabonati gramu 160. Kijana wetu alinunua chupa ya lita nzima, akaona aibu kubakisha.

Angalizo: hicho ni kipimo cha kumwagia kwenye moyo mche mmoja mmoja. Lebo nyingi zina kipimo kikubwa zaidi kwa sababu zinazungumzia kunyunyizia shamba zima. Usichukue kipimo cha njia moja ukakitumia kwa njia nyingine. Soma lebo, ifuate, na hakikisha dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, kwa matumizi hayo.

Kwa nini kabonati? Ethefoni ni tindikali, na ikiwa kwenye tindikali inatulia. Ukiipunguzia ukali inaanza kutoa ethilini. Kwa hiyo changanya unayoimaliza siku hiyohiyo. Ikilala kwenye ndoo, gesi imekwenda. Urea hapo haipo kwa kulisha, inasaidia dawa kupenya.

Piga jioni jua likizama, au usiku. Nanasi linafungua milango yake ya hewa usiku, mchana linafunga kubana maji. Siku ya joto kali dawa inashika vibaya, na mvua ikinyesha muda mfupi baadaye imekuosha hela. Mbolea ya naitrojeni isimamishe wiki nne hadi sita kabla. Mmea uliojaa naitrojeni unang'ang'ania kukua, ujumbe unaupuuza. Baada ya siku 40 hadi 50 chungulia moyoni, utaona wekundu. Miche isiyoonyesha, irudie peke yake.

Na usipige shamba lote siku moja kama huna mnunuzi wa shamba lote. Gawa vitalu vinne, acha wiki mbili au tatu kati yake. Soko la Buguruni au Temeke Stereo linapokea mzigo wa wiki nne kwa heshima kuliko mzigo wa siku moja.

Kuhusu kabaidi ya mafundi wa kuchomelea, ambayo wengine wanadondosha kwenye moyo wa nanasi: ikikutana na maji inatoa asetilini, gesi inayofanana kazi na ethilini, kwa hiyo maua yanatoka kweli. Lakini gesi hiyo inalipuka, na kabaidi ya viwandani mara nyingi ina masalia ya aseniki na fosforasi. Mimi siishauri.

WENYE MIEMBE NAO

Maswali ya miembe ni mengi, nayajibu kwa kifupi. Huko Ufilipino nako walifukizia miembe moshi kwa miaka mingi, mpaka miaka ya 1970 Ramon Barba alipogundua kwamba naitreti ya potasiamu asilimia 1 ikinyunyiziwa kwenye majani inaleta maua. Ila sharti ni lilelile: matawi yawe yamekomaa, majani kijani kizito na magumu, ukiyakunja yanavunjika. Ukipiga kwenye majani mekundu machanga utapata majani mengine, siyo maua. Paklobutrazoli yenyewe inazuia jiberelini isitengenezwe, na inakaa muda mrefu ardhini. Ukizidisha, mwembe unadumaa misimu kadhaa. Hiyo usiiguse bila mtaalamu kusimama shambani kwako.

TUMEFIKIA WAPI NA KIJANA

Nilimwomba radhi pale pale shambani. Akacheka kidogo, akasema, "Bwana shamba, deni halijui samahani." Ni kweli.

Shamba hakuling'oa. Baada ya kuvuna, tuliacha chipukizi moja lenye nguvu kwa kila shina kwa ajili ya mzao wa pili, mengine tukang'oa na kuyapanga kwa ukubwa, ya kupanda na ya kuuza. Mbolea sasa inaingia kwa ratiba. Chupa ya ethefoni imefungiwa stoo, kwenye kabati lenye kufuli, mbali na watoto.

Jumamosi iliyopita alinitumia picha ya mzani mdogo wa jikoni umewekewa jani. Gramu 58. Chini yake ameandika: "Bado." Nikamjibu: "Bado."

Wewe mwenye chupa mkononi wiki hii, kabla hujaifungua, nenda kang'oe majani 20 uyapime. Yakikataa, chupa inaweza kusubiri.